Masika ya Panya Weupe

Tarehe 2 Machi

Leo nimekabidhiwa ufunguo. Chumba kilikuwa stoo ya viti vibovu. Kina paa la bati, dirisha moja na vumbi la kuchota kwa koleo, lakini mpaka masika yaishe ni changu. Nani mwingine katika chuo hiki ana chumba cha kupimia akili za panya? Hakuna. Sijisifu, nasema ilivyo.

Masharti yako wazi. Masika yakikatika, jopo la chuo litakuja kukagua. Wanataka kuona jambo moja: kwamba panya niliowavuruga kwa dawa wanatofautiana na wenzao wazima, na kwamba klozapini, dawa wanayomeza wagonjwa wa ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, inawarudisha mstarini. Nikiwaonyesha hilo, chumba kinabaki maabara na siku moja tutajaribia humu dawa mpya kabisa, zetu wenyewe. Nisipowaonyesha, viti vinarudi na panya wangu wanapelekwa kwa wanafunzi wa kupasua. Nimewatazama wale panya weupe na masikio yao ya waridi, nikawaambia hakuna wa kuwapasua.

Tarehe 5 Machi

Sanduku limefika kutoka kwa seremala. Nimelichora kwa mkono wangu: kuta za mbao maradufu, katikati sponji ya godoro, ndani bomba la plastiki la kumweka panya mmoja juu ya kibao kinachopima mshtuko wake. Juu kuna tundu la hewa, maana panya naye anapumua. Nimeweka simu ndani irekodi, kisha nikawapanga wanafunzi pande zote nne wapige kelele na kugonga ndoo. Simu haikunasa kitu. Seremala alikuna kichwa akasema hajawahi kutengeneza jeneza la mtu mfupi namna hii. Nilimwambia asubiri, ataonyeshwa kwa wageni kama fundi aliyetengeneza sanduku la kwanza la aina yake.

Tarehe 6 Machi

Kaka ameniuliza leo hao panya nawafanya nini. Alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, anapinda suruali za mtaa mzima. Kaka yangu ana skizofrenia tangu nikiwa darasa la sita. Siku njema anashona mpaka jioni na kunitania. Siku mbaya anageuzia ukuta uso na cherehani inapata vumbi.

Nilimweleza hivi. Mtu akifungua mlango wako kwa kishindo, unaruka. Lakini akitangulia kusema hodi, hata kwa sauti ndogo, mwili umeshajiandaa, huruki sana. Panya vilevile. Nampigia mlio mkubwa, anaruka. Nikitanguliza mlio mdogo, anaruka kidogo tu. Sasa nikimdunga ketamini, ile dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, kwa dozi ndogo isiyomlaza, hodi haimsaidii tena. Anaruka kana kwamba hakuna aliyebisha. Wagonjwa wengi wa skizofrenia wakipimwa hutoa majibu ya namna hiyohiyo.

Kaka alisimamisha cherehani. "Kwa hiyo masikio yanasikia, ila hajiandai."

"Ndivyo."

"Mimi kila hodi ni mlango unaovunjwa," akasema, akaendelea kushona.

Nimeona fahari, nikiri. Maprofesa wawili niliowaeleza jambo hilo walihitaji michoro.

Tarehe 9 Machi

Tumeanza. Anayechoma sindano ni mama mmoja wa makamo, fundi wa maabara tangu mimi sijazaliwa, wote tunamwita Bi Sindano. Ndiye anayejua nani kapata ketamini na nani kapata maji ya chumvi matupu. Mimi napewa panya mwenye alama ya wino mkiani, basi, ili nisije nikaona ninachotaka kuona. Yeye hukaa na siri yake mpaka mwisho wa juma. Mkono wake ni mwepesi, panya wala hawashtuki. Mdomo wake nao ni mwepesi. Amenambia natembea kama nimemeza fimbo.

Tarehe 13 Machi

Siri imefunguliwa. Tazama: wa maji ya chumvi, mlio mdogo umewatuliza kabisa. Wa ketamini wanaruka kama hawajabishiwa. Wa ketamini na klozapini wamerudi karibu na wazima. Safi kama maji ya mtungi. Nilizunguka korido nzima na ile karatasi, nikamwonyesha hata mlinzi. Mlinzi alisema hongera, akauliza kama panya hao watatoka nje.

Tarehe 17 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha mchana, ikaniharibia nywele.

Tarehe 20 Machi

Siri ya juma la pili imefunguliwa, na juma si zuri. Wazima wanaruka. Nasema wale wa maji ya chumvi, wasio na dawa yoyote mwilini, wanaruka kama wagonjwa. Labda wamechoka.

Tarehe 21 Machi

Mvua.

Tarehe 24 Machi

Mvua. Panya karibu wote bado wanaruka. Nimekagua nyaya zote.

Tarehe 27 Machi

Siri ya juma la tatu imefunguliwa, na tena hakuna tofauti yoyote baina ya makundi. Wazima, waliovurugwa na waliotibiwa, wote ni wamoja. Kwa namba hizi mtu angesema ama ketamini ni maji, ama maji ya chumvi yanatia wazimu.

Nimelifikiria jambo hili kila upande. Sanduku nimelitengeneza mimi, haliwezi kuwa na kasoro. Vipimo nimepanga mimi. Mkono pekee usio wangu humu ndani ni ule unaochoma sindano. Basi nilimfuata Bi Sindano akiosha vizimba, nikamuuliza, kwa adabu naamini, kama inawezekana amechanganya chupa.

Aliosha mikono taratibu, akaikausha kidole baada ya kidole. "Binti," akasema, "mimi nimechoma sindano kabla mama yako hajafikiria kukuzaa. Ukitaka kutafuta mkosaji, anza na huyo anayekuangalia kwenye kioo."

Kisha akavua koti lake jeupe, akalitundika, akaenda zake nyumbani saa ya kazi bado haijaisha. Nimebaki na panya na vizimba vichafu. Nimeviosha mwenyewe. Nina hasira mpaka sasa.

Tarehe 30 Machi

Bi Sindano amerudi. Anafanya kazi bila kunisemesha. Sindano zinaenda, salamu haziendi.

Tarehe 2 Aprili

Profesa anayesimamia kazi yangu aliniita ofisini. Ni mtu mpole, ana tabia ya kupanga kalamu zake mstari mmoja huku anakwambia mambo mabaya. Alizipanga zote.

"Juma la kwanza lilikuwa zuri," akasema. "Yaliyofuata tuyaite ya mazoezi. Hatuna haja ya kuyaonyesha."

Nikamwambia siwezi kuonyesha juma moja zuri na kuficha matatu mabaya. Akatikisa kichwa kama aliyelitarajia hilo. "Basi uwe na kitu kingine cha kuwapa. Anza na habari ya kaka yako. Mwenyekiti wa jopo ana moyo laini. Waeleze jinsi alivyougua, jinsi ulivyokua ukimwona. Namba zikilegea, wataamua kwa moyo."

Nilitoka nikiwa nusu nimekubali. Naandika hapa ili nisijidanganye: zaidi ya nusu.

Tarehe 3 Aprili

Nilimwambia Kaka jana jioni. Nilidhani atafurahi kutajwa mbele ya watu wakubwa.

"Usinitaje," akasema.

Nikamwambia chumba kinaondoka, kwamba yote haya nayafanya kwa ajili yake, tangu darasa la sita mpaka leo, usiku wa kusoma na jua la kutembea, yote kwa ajili yake.

"Kwa ajili yangu?" Kaka alisimama. Huwa hapandishi sauti, hata hapo hakuipandisha. "Mimi nilikuomba panya? Mtaani mimi ni yule kichaa anayeshona vizuri. Huko kwenye chuo chako hakuna anayenijua, wewe unataka niingie kabla sijafika, nikiwa nimeshakuwa kichaa. Kama kazi yako ni nzuri, si itashinda yenyewe? Kama si nzuri, mimi sitaibeba."

Mama alitutuliza. Alimwambia Kaka ameze dawa, naye akasema ameshameza, na kwamba kukasirika si dalili. Mama akarudi jikoni. Nimelala njaa kwa hasira, na asubuhi hii naona kwamba amenishinda kwa hoja, jambo ambalo halijatokea mara nyingi katika nyumba hii.

Tarehe 4 Aprili

Hili lazima niliandike vizuri.

Nimerudi nyumbani jioni na mvua inapiga bati kama inadai kitu. Nimefika mlangoni, nikasema hodi kama kila siku, nikasukuma mlango. Mama, aliyekuwa anachambua mchele, aliruka mpaka ungo ukaenda upande wake na mchele upande mwingine.

"Mtu haingii hivyo kwa watu," akasema, mkono kifuani. "Bisha hodi, mwanangu."

"Nimebisha, mama."

"Nani asikie hodi kwa mvua hii?"

Niliinama kumsaidia kuokota mchele, na mkono ukabaki hewani. Mama yangu ni mzima. Hana ugonjwa wowote wa akili, ila mdomo. Na ameruka kana kwamba hakubishiwa, kwa sababu hodi yangu ndogo ilimezwa na bati. Panya wangu wa maji ya chumvi ni wazima. Chumba changu kina paa la bati. Tundu la hewa liko juu, limelitazama bati moja kwa moja. Na mimi, mwerevu wa chuo kizima, niliwapanga wanafunzi wapige kelele kulia, kushoto, mbele na nyuma, sikumpandisha hata mmoja darini.

Mama aliniuliza nacheka nini na mchele wake uko chini.

Tarehe 5 Aprili

Nilisubiri mvua kama mtu anayesubiri mgeni. Ilipoanza, nikamwita Bi Sindano, nikamwambia nataka kuingiza kichwa changu kwenye sanduku, yeye afunge mlango na kubonyeza ule mlio mdogo, bila kunijulisha lini.

Ndilo neno refu la kwanza nililomwambia tangu siku ile. Akavuta stuli, akakaa. "Ingiza," akasema.

Nikatoa bomba la panya, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa mpaka mabegani, naye akanizungushia koti lake shingoni kuziba nafasi. Ndani kulikuwa na harufu ya mkojo wa panya na kishindo kama cha soko. Nilingoja. Nikangoja tena. Mwishowe aligonga mgongo wangu.

"Umesikia mara ngapi?" akauliza.

"Bado hujabonyeza."

"Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka."

Nilikaa sakafuni, nywele zimejaa unga wa mbao. Nikamwambia chupa hazikuchanganywa, kwamba aliyekosea ni sanduku, na sanduku ni langu. Sikuzoea kusema maneno ya aina hiyo na yalitoka yamepinda. Nikaongeza kwamba namwomba radhi.

"Tena mbele ya nani?" akauliza.

"Mbele yako."

"Na siku ile ulinishtaki mbele ya nani?"

Nikakumbuka kwamba mfagiaji alikuwepo. Nikatoka na mvua ile mpaka ukumbi wa pili, nikamleta mfagiaji na ufagio wake, nikarudia yote tangu mwanzo. Mfagiaji alisema yeye mbona alikuwa ameshasahau. Bi Sindano alicheka hadi akashika ukuta. Nimemjua mwanamke huyu mwezi mzima kama mkono tu. Sasa naona kwamba bila yeye ningekuwa bado nakagua nyaya.

Tarehe 8 Aprili

Seremala amekuja. Tundu la juu limezibwa. Hewa sasa inapita pembeni, kwenye bomba lililopindwa mara mbili na kuvishwa sponji. Darini tumetandika magodoro ya hosteli yaliyotupwa. Seremala anataka kujua kama panya wanalala vizuri kuliko yeye.

Tarehe 10 Aprili

Nimeingiza kichwa tena, mvua ikinyesha. Nimesikia mlio mdogo kila mara ulipopigwa. Sijawahi kufurahia sauti ndogo namna ile.

Tarehe 11 Aprili

Tunaanza upya, tangu panya wa kwanza. Wapya wote, hakuna aliyewahi kudungwa.

Tarehe 19 Aprili

Mvua, mafuriko mtaa wa chini. Kazi inaendelea.

Tarehe 26 Aprili

Kaka ana siku mbaya, ya tatu sasa. Amegeukia ukuta. Nilikaa karibu naye baada ya kazi, sikumwambia habari za panya. Zamani ningemwangalia na kuhesabu dalili kichwani. Leo nimekaa tu. Panya wangu akivurugwa, baada ya saa moja ameshapona, anarudi kula na kulala juu ya mwenzake. Nilikuwa nasema panya wangu wana ugonjwa wa Kaka. Hawana. Nimewavunjia kitu kimoja tu, nacho ni kidogo. Lakini ni kitu ninachoweza kukipima, na hakuna mwingine hapa anayeweza.

Tarehe 30 Aprili

Kaka ameamka, ameomba chai, ameuliza suruali ya jirani imepindwa vibaya na nani. Ilikuwa mimi. Nilijaribu kumsaidia.

Tarehe 8 Mei

Siri ya mzunguko mzima imefunguliwa leo. Bi Sindano alisoma alama moja baada ya nyingine, mimi nikipanga. Wazima wanajiandaa. Wa ketamini hawajiandai. Wa klozapini wamerudi. Mvua ilinyesha karibu siku zote hizo, na haikubadilisha kitu. Bi Sindano alinisukuma bega. "Sasa meza fimbo nyingine," akasema.

Tarehe 15 Mei

Mvua zimepungua. Profesa ameuliza tena kama nitaanza na habari ya kaka yangu. Anasema namba nzuri na machozi kidogo ni bora kuliko namba peke yake. Nimerudi kuosha vizimba.

Tarehe 20 Mei

Jopo limekuja. Watu watano, viatu vimepigwa rangi, wakasimama kwenye mlango wa stoo yangu kama watu waliokosea nyumba. Na mvua, iliyokuwa imeaga, ikarudi. Ilianza wakiwa wanakaa. Profesa alinitazama kwa huruma. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimeiomba.

Nikawaonyesha kwanza majuma mabaya. Profesa alifumba macho. Nikawaeleza tundu, bati, hodi ya mama yangu na mchele wake, kichwa changu ndani ya sanduku. Walicheka, hata yule mwenye uso wa mtu anayedai deni. Kisha nikawaonyesha kazi mpya, halafu nikampima panya mbele yao, mvua ikipiga juu ya vichwa vyetu mpaka ilibidi nipaze sauti. Mlio mdogo, mlio mkubwa. Panya akatikisika kidogo, akaendelea kujifuta masharubu. Wa pili, aliyedungwa ketamini, aliruka na mshale wa kipimo ukaruka naye.

Mjumbe mmoja akauliza, "Kwa hiyo huyu ni kichaa?"

"Hapana, mheshimiwa. Kitu kimoja kimemharibikia kwa saa moja, na mimi ndiye niliyekiharibu. Mgonjwa wa skizofrenia ameharibikiwa vitu vingi kwa miaka, na hakuna ajuaye nani kaviharibu. Mimi nimeshika kile kimoja. Dawa isiyoweza kurekebisha hata hicho, nitawaambia mapema."

Ndipo mwenyekiti, yule mwenye moyo laini, akavua miwani. "Binti, mimi nataka kukuuliza jambo. Magonjwa ni mengi. Kwa nini umechagua hili?"

Chumba kikanyamaza, mvua tu. Profesa alinikazia macho, kidevu chake kikashuka kidogo kuniruhusu. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilimwona Kaka ameugeukia ukuta, na nilijua kabisa ningeyasemaje na nani angelia wa kwanza. Nilijua pia kwamba nikiyasema, hakuna atakayejua tena kama nilipewa chumba kwa kazi yangu au kwa ugonjwa wake.

"Kwa sababu linapimika," nikasema, "na mimi najua kulipima."

Mwenyekiti alingoja kama kuna nyongeza. Haikuwepo. Akavaa miwani.

Tarehe 24 Mei

Chumba kimebaki. Wameandika "maabara ya kudumu". Profesa alinipa mkono, akakiri kwamba alidhani nimewapoteza. Akasema amejifunza kitu, ila hakusema kipi, na kalamu zake zilikuwa zimetawanyika mezani.

Nimefika nyumbani nikaliambia jiko, mlango, kila kitu. Mama alinikumbatia na mikono yenye sabuni. Kaka alisubiri kelele ziishe.

"Uliwaambia habari zangu?"

"Sikuwaambia."

"Hata waliponyamaza?"

"Ulijuaje kwamba walinyamaza?"

"Watu hunyamaza wakitaka kusikia habari ya kichaa." Akakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo umewashinda kwa panya peke yao."

"Kwa panya peke yao."

Alikula sahani mbili, na mara kwa mara alinitazama akitabasamu peke yake. Mama aliniangalia kwa wasiwasi kuhusu lile tabasamu. Mimi sikuwa na wasiwasi wowote.

Tarehe 27 Mei

Jua. Tulikuwa tunasafisha vizimba, Bi Sindano na mimi, na wanafunzi wapya kumi hivi waliokuja kuonyeshwa sanduku. Nikaona mtu amesimama mlangoni, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, viatu vya harusi ya binamu yetu. Kaka hajatoka nje ya mtaa wetu muda mrefu sana. Amekuja peke yake, amebadilisha gari mara mbili, ameuliza njia.

Nilitaka kukimbia nimpokee, nimkalishe, nimuulize kama ameshika dawa zake. Bi Sindano, aliyekuwa karibu na mlango, alinitangulia.

"Karibu, baba. Wewe ni nani na unamtafuta nani?"

Wanafunzi wote waligeuka. Kaka aliwatazama mmoja mmoja. Jasho lilikuwa linamshuka kwenye paji la uso, ila alisimama wima.

"Mimi ni fundi cherehani," akasema. "Nina skizofrenia, miaka mingi sasa. Na yule pale ni mdogo wangu, mwenye chumba hiki. Nimekuja kuiona kazi yake."

Chumba si changu, ni cha chuo. Mimi ni mtu wa kusahihisha kila mtu kila neno, hata mama yangu. Leo nimenyamaza, nikafungua sanduku.